Buti la Zara na Disko la Kijapani

Jumatatu, 9 Machi 2026
Hili sijawahi kumwambia mtu. Najua kila hatua ya wimbo mmoja wa disko wa Kijapani, ule wa akina dada wawili wenye sketi za kumetameta, uliovuma enzi Nani yangu, yaani bibi mzaa mama, angali msichana. Santuri aliibeba kutoka Tanga. Maneno sielewi hata moja. Mikono, mabega, kiuno: vyote najua! Hufanya mazoezi chumba cha kufulia, chini kabisa ya ghorofa letu hapa Rexdale, Toronto. Naandika kwa Kiswahili maana kaka Faraz hawezi kukisoma.
Tatizo: wimbo ni wa watu wawili. Mimi ni mmoja.

Jumatano, 11 Machi
Kamati ya Navroz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, inatafuta vijana wa kutumbuiza. Namtaka Zara awe mwenzangu wa kucheza. Miaka minne tunapanda basi moja la barabara ya Kipling, na mwezi wa sita familia yake inahamia mji wa mbali, Calgary. Kumwomba ana kwa ana? Nife kwanza! Nimetunga barua isiyo na jina: acheze wimbo huu, mwenzake yuko karibu naye, mpole, msomaji. Ustadi mtupu.

Ijumaa, 13 Machi
Jamatkhana, nyumba yetu ya ibada. Nimetoka wa kwanza, nikaitumbukiza barua kwenye buti la Zara, pale kwenye rafu ya viatu. Buti jeusi lenye manyoya ndani.

Jumamosi, 14 Machi
Haki iko wapi? Toronto nzima inavaa buti jeusi lenye manyoya ndani! Barua kaipata Nilofar, msichana mwenzetu wa Jamatkhana. Nilofar mpole? Nilofar msomaji? Husoma menyu tu! Kaamini kamati imemteua, na kwamba huyo mwenzake wa karibu ni Zara, akamwomba papo hapo mlangoni, mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe. Bila haya! Zara kanitazama kwanza. Nikatazama soksi zangu. Akakubali.

Jumatano, 18 Machi
Nilofar kanipa kazi: kubonyeza simu wimbo uanze. Eti naonekana mtu wa kuaminika. Mimi! Mazoezini wanachanganya kushoto na kulia, nami nimekaa tu kwenye kiti.
Sawa. Simu ina sehemu ya kuongeza kasi ya wimbo.

Jumamosi, 21 Machi. Navroz
Nimeongeza kasi. Wakarukaruka kama kuku waliomwagiwa maji. Nilofar kapoteza kiatu. Ukumbi mzima ukasimama na kushangilia, ukidhani ndivyo walivyopanga! Bi Nurjehan wa kamati kacheka hadi machozi, kisha akawataka warudie. Nikabonyeza tena. Ningefanyaje?

Jumapili, 22 Machi
Bibi yangu Nani amesoma shajara hii. Nilisahau kwamba yeye ndiye aliyenifundisha Kiswahili. "Wee Minaz, ulimi wako umemwazima nani? Mtu humwomba mwenzake kwa mdomo!"
Kuingilia siri za watu, katika umri wake!
Mchana Zara kapiga simu. Kasema aliwahi kuniona chumba cha kufulia, tena mara tatu, na wiki ile yote alikuwa akingoja nimwombe. Akasema mwezi wa tano kuna pikiniki, watahitaji watu wa kutumbuiza, na yeye bado hana mwenzake. Akangoja.
Nikamuuliza saizi ya buti lake. Akasema saba. Nikamshukuru, nikakata simu.
Kisha nikafunga mlango, nikachukua karatasi safi, nikaandika barua kwa mkono wa kushoto. Sikutia jina.