Mgomba Ule Ule

Jumatatu, 4 Mfunguo Sita 1326 (kwa hesabu ya Wadachi, 6 Aprili 1908)

Balaa! Jirani yangu Mzee Kabyemera amekuja dukani na kibuyu cha maziwa, Mungu ambariki, na habari mbaya. Miaka ishirini iliyopita alimpa marehemu baba, mgeni kutoka pwani, mgomba mmoja nyuma ya duka hili la Nyaishozi: ale mpaka ufe. Baba alikula. Mimi nakula. Leo mzee anasema mgomba ule ulikufa zamani, ulipokatwa mkungu wake wa kwanza. Huu uliopo ni kitukuu. Mkungu, basi, ni wake. Na mimi nimeshatangaza soko zima kwamba siku ya Maulidi, tarehe 12, watakula mkungu wangu! Maziwa yalikuwa matamu sana.

Jumanne, 5

Nimekwenda kwa Shaaban, mwenye duka la pili, mwenye vitabu sita na kiburi cha vitabu sitini. Nimemwuliza: kitu kikibadilika chote, ni kile kile? Kasema wanazuoni wanabishana juu ya hilo tangu enzi na enzi, na hakuna aliyelimaliza. Nikamwambia hawakuwa na wageni wa kulisha. Mimi nitalimaliza Alhamisi. Alhamdulillahi kwa kichwa nilichopewa.

Alhamisi, 7

Hoja: shina la chini ardhini halijabadilika! Nimechimba tangu asubuhi niwaonyeshe majirani. Shina la zamani limeoza lote. Mgomba ukainama. Mke wangu Mwanahalima akapiga yowe. Mzee Kabyemera akaja na miti miwili, akauegemeza, akalisifu jembe langu, akaenda zake. Hakuna jirani kama yule. Ila kuhusu mkungu amekosea.

Jumamosi, 9

Ushindi! Wa muda mfupi. Uani kwa mzee, mbele ya majirani, nimesema: chipukizi hukaa mahali pa mzazi wake, kama mimi nilivyokaa mahali pa baba, kwa hiyo mgomba ni ule ule. Wakapiga makofi! Mzee akasimama, akanishukuru kwa moyo wote. Akasema basi mimi ndiye baba yangu. Na baba yangu aliapa kumpalilia kibanja chake kizima cha migomba kila masika, kwa mikono yake, na tangu azikwe hajaonekana.

Nikajitetea kwamba mgomba haubadiliki, mtu ndiye hubadilika. Shaaban akauliza tofauti yao ni nini. Nikasema mgomba hauwezi kushika jembe. Mwanahalima akanipa jembe.

Jumatatu, 11

Siku mbili za kupalilia. Mgongo huu si ule wa wiki iliyopita, na hilo halihitaji mwanazuoni. Mzee alipalilia kando yangu, akinisimulia jinsi baba alivyofika na homa, akakataliwa nyumba mbili, akauguzwa kwake mwezi mzima. Mgomba alimpa ili asiondoke. Kasema swali la mgomba halimsumbui hata kidogo. Alikuwa amepungukiwa na mwenzi wa kupalilia tu.

Jioni akaukata mkungu mwenyewe, akauleta kwangu begani, na chipukizi moja juu yake, nilipande pangu, asije mtu akauliza tena. Nimelia. Naandika bila aibu: nimelia.

Jumanne, 12, Maulidi

Wamekula wote wakabakiza. Mzee nilimkalisha mahali alipokuwa akikaa baba. Shaaban alimaliza sahani tatu, kisha akasema swali liko pale pale lilipokuwa. Wivu! Mkungu si umeliwa? Basi swali limekwisha.

Chipukizi nimelipanda leo asubuhi. Udongo wangu ni duni, kwa hiyo nimelipanda hatua tatu ndani ya kiwanja cha Shaaban, penye samadi. Akilalamika, nitamwomba kwanza anieleze mpaka ni kitu gani hasa. Ataingia vitabuni. Hadi atoke, mkungu utakuwa umekomaa. Namshukuru Mungu kwa elimu isiyo na mwisho.