Sababu ya Kuleta Simu

Jumatatu, tarehe 4
Simu ya kwanza imekwenda! Ile yangu iliyopasuka kioo. Ofisi ya mtaa inakusanya simu kuukuu zikayeyushwe, mwisho Jumamosi. Dada wa mezani huchomeka kalamu nyuma ya sikio. Anafuta vilivyomo, anakurudishia laini, anakujazisha fomu. Dakika kumi na mbili nzima mbele yake! Fomu inauliza kwa nini umeileta, maana wakubwa wake wanataka kujua watu wanasukumwa na nini. Nikaandika: mazingira. Akasema niko peke yangu, wenzangu wote wanapunguza takataka kabatini. Akacheka. Nimerudi kwenye cherehani nikashona zipu ya mteja juu chini.

Jumanne, tarehe 5
Nahitaji simu nyingine. Nilimweleza muuza mayai habari za sumu ardhini, akapiga miayo. Nikamwambia wezi wanaweza kusoma meseji za simu iliyokufa. Rangi ikamtoka! Akatoa tatu. Fundi simu wa kibanda cha pili, yule mdaku, akasikia, akambembeleza ampe mbili za spea. Nimebaki na moja. Sababu niliyoandika: mazingira. Dada akaniita kaka. Neno hilo linaniua. Moyo wa mtu haumdundi kwa ajili ya kaka.

Jumatano, tarehe 6
Nimefanya ubaya. Shangazi, ninayeishi naye, ana simu ya vitufe ameifunga kwenye leso. Ina meseji za marehemu mumewe. Huichaji kila wiki, anasoma, anaifunga tena. Alipoingia kuoga nikaichukua.

Dada akaiwasha ili aifute. Akasoma. Akaniuliza ni nani huyo anayeniambia nisimsubiri kula. Nikakiri ni marehemu mume wa shangazi, na simu ni ya shangazi. Akaifunga tena kwenye leso ya shangazi, akanikabidhi, akasema nikairudishe kabla mwenyewe hajajua. Fomu hakunipa. Vidole vyake viligusa vyangu! Nilistahili aibu, nikapata furaha. Sijui nimeumbwaje.

Alhamisi, tarehe 7
Shangazi anajua. Leso ilikunjwa vibaya, na mimi najiita fundi nguo. Hakugomba. Baada ya kula akanisomea moja: nimechelewa, usinisubiri kula. Akasema hata siku moja hakuwahi kula kabla yake, na mpaka leo chakula cha peke yake hakimpiti kooni vizuri.  Nina miaka thelathini na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisimsubiri. Ningependa sana kuchelewa mahali, mtu akaniwekea sahani na kuifunika.

Ijumaa, tarehe 8
Nilipita ofisini mikono mitupu. Dada akauliza kama simu ilirudi kwa mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaomba namba yangu! Kesho wakishafunga atanipigia, ana sketi ya kupunguza na mengine. Na mengine! Fundi simu amenikuta naimba, akauliza kama nimechanganyikiwa.  Ana wivu.

Jumamosi, tarehe 9
Uvumilivu ulinishinda. Mpaka jioni ni mbali mno, na bila simu mkononi sina kisingizio cha kwenda. Iliyobaki nyumbani ni moja, ninayotumia. Saa nne asubuhi nikaipeleka.

Foleni! Dada alikuwa na watu meza ya kwanza. Nikaangukia meza ya pili, kwa mzee mwenye kipara. Akauliza kama bado inafanya kazi. Nikasema sana. Dakika kumi na mbili na kipara! Kwenye sababu nikapiga moyo konde, nikaandika ukweli: kumwona dada wa meza ya kwanza. Dada akaniona kwa mbali, akaweka mkono sikioni kwamba atanipigia. Nikaitikia kwa kichwa, roho kwatu.

Saa kumi nimeoga. Saa kumi na moja nimevaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Saa kumi na mbili bado nimekaa wima kwenye kiti. Shangazi akauliza nasubiri nini. Nikasema simu. Akauliza simu ipi.

Jumapili, tarehe 10
Ofisi imefungwa, makasha ya simu yamebebwa jana. Kuna karatasi mlangoni: kuanzia kesho wanakusanya mtaa wa pili. Laini yangu iko mfukoni mwa shati. Huenda anapiga sasa hivi.

Shangazi akafungua leso, akasema niweke laini humo hata kwa siku moja tu.  Nikakataa, simu ile ina mwenyewe. Nikaenda kwa fundi simu. Anasafisha rafu, amebakiwa na simu mbili, bei ileile: moja nzima, moja mbovu. Akauliza nataka ipi.

 Kwa nzima ningeisikia sauti yake leo hii. Lakini simu nzima nitaipelekaje kwake kesho, mtaa wa pili? Si nitakuwa sina simu tena? Mimi si mjinga.

Nimechukua mbovu. Sababu nimeshaiandaa: mazingira.