Mkono wa Gia

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeandika tarehe mara mbili na kufuta moja.

Leo Wakili Wangui alituita ofisini mwake, mimi na Kizito. Nilijua nimefutwa. Nikaanza kuomba msamaha kabla hajafungua kinywa. Akauliza msamaha wa nini. Sikuwa nimetayarisha kosa. Nikasema ni wa jumla.

Kumbe habari ni hii: miezi yetu ya majaribio inaisha. Makarani wawili, nafasi moja. Wateja wengi wa Madam wako Saboti, na anataka karani anayeweza kuwafikia kwa baiskeli yake mwenyewe. Jumatatu ijayo, saa mbili kamili asubuhi, kila mmoja wetu atapewa nakala ya barua ya Mzee Kipketer wa Saboti. Atakayerudi kwanza na nakala iliyothibitishwa na Mzee mwenyewe, kazi ni yake. Mwingine ataandikiwa barua ya shukrani. Barua za shukrani hapa ofisini huzichapa mimi.

Kizito alitabasamu mpaka jino la mwisho. Baiskeli yake ni mpya, gia ishirini na moja. Yangu niliachiwa na marehemu mjomba. Ina gia saba, lakini cheni imekwama kwenye ile ya kuteremkia. Na Saboti iko juu, upande wa mlima!

Jioni niliipeleka baiskeli kwa Fundi Kipkosgei, jirani yangu hapa Tuwan. Aliinama, akaangalia, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Akasema kilichovunjika ni mkono wa gia, yaani kile kipande cha nyuma kinachorusha cheni kutoka meno madogo hadi makubwa. Aina hii, akasema, haijaonekana Kitale tangu yeye awe na nywele.

Nitaupata. Tena sitatengeneza tu. Nitaboresha! Nimeandika orodha ya mahitaji kwa nakala tatu: mkono wa gia, cheni mpya, waya mpya. Kengele mpya nimeshanunua. Inalia vizuri sana.

Jumanne, 4 Novemba

Saa ya chakula sikula. Nilizunguka maduka ya vipuri.

Duka la kwanza: walinitolea gurudumu la wilbaro, na waliposikia hapana wakashangaa. Duka la pili: ati ulikuwepo hapa jana. La tatu: ulikuwepo jana. La nne: si ungekuja jana, bana? Inaonekana jana Kitale nzima ilikuwa imejaa mikono ya gia. Jana nilikuwa wapi? Ofisini, nikiomba msamaha wa jumla.

Duka la tano, mama mmoja aliomba kuona sampuli. Nikampa ule uliovunjika. Akaupenda. Akaniuliza nauza bei gani.

Hapo nikapata wazo zuri. Nipime mkono wa gia wa Kizito! Nikiwa na vipimo kamili, pengine nitapata unaofanana. Saa tisa nililala chini ya baiskeli yake nyuma ya ofisi, na rula na karatasi ya kaboni. Nikaona viatu vya Madam. Akauliza ninafanya nini. Nikasema ninaomba. Akasema maombi ni saa saba, na kwamba hajawahi kuona mtu akiomba na rula.

Kizito aliyasikia yote dirishani. Aliniletea chai mezani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema kaka, si useme tu unataka lifti ya Saboti, nikubebe kwa keria. Chai ilikuwa tamu. Niliimaliza kwa hasira.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimesema uongo! Uongo wangu wa kwanza wa kiofisi.

Kipkosgei alikuwa amenidokezea kwamba Bungoma mjini kuna mzee wa vipuri, Wekoye, asiyetupa kitu. Nikamwambia Madam kwamba Senge Edah, shangazi yangu wa Kamukuywa, ni mgonjwa. Nilitarajia anikatalie. Akanipa ruhusa ya siku nzima, na pakiti ya glukosi ya mgonjwa. Macho yake yalikuwa na huruma. Nilikaribia kukiri pale pale.

Bungoma baiskeli ni nyingi, zile za kubeba abiria, keria zimewekwa mito yenye mapambo. Nikajua niko nchi ya ahadi. Duka la Mzee Wekoye ni mlima wa chuma na katikati yake ni Wekoye. Nilimpa nakala ya kwanza ya orodha. Akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza kama mimi ni wa kodi.

Nilipomhakikishia kwamba si wa kodi, akacheka sana. Huo mkono anaujua! Anao mzima, kwenye baiskeli yake ya zamani ya mashindano. Nikauliza baiskeli iko wapi. Akasema ameshaitoa kanisani kwao Kamukuywa, sadaka ya mavuno ya Jumapili. Wenye mashamba wanatoa mahindi, akasema, na yeye halimi, kwa hiyo anatoa chuma. Itauzwa kwa mnada baada ya ibada. Kabla ya hapo haiguswi hata na askofu.

Kurudi nilishukia Kamukuywa kwa Senge Edah. Nilimkuta amebeba gunia la mahindi kichwani. Nikampa glukosi na kumweleza ugonjwa wake. Akauliza ati yeye anaumwa? Anaumwa nini? Sikuwa nimeupa jina. Akasema basi na uwe mgongo, maana kuna magunia mengine manne na mwenye mgongo mzima ni mimi.

Lakini habari njema kuliko zote: Senge ndiye muuzaji wa mnada wa kanisa! Mimi ni mtu wa ndani! Karibu niimbe njiani.

Ijumaa, 7 Novemba

Maandalizi. Karani mzuri hangoji. Nimemwambia Kipkosgei aiweke baiskeli yangu tayari kabisa kupokea mkono mpya: afunge cheni mpya na waya mpya, atoe vya zamani vyote. Akaniuliza je, mkono usipopatikana? Nikamwambia huo ni mtazamo mbaya.

Sasa baiskeli yangu haiendi kabisa. Inapendeza mno.

Madam aliuliza hali ya shangazi. Nikasema mgongo. Akasema pole, mgongo ni jambo zito. Nikasema ni zito, magunia manne. Nikarudi mezani kwangu taratibu, kinyumenyume.

Jumapili, 9 Novemba

Siku gani hii! Niandike kwa utaratibu.

Ibada ilikuwa ndefu, sikusikia neno. Baiskeli ya Wekoye ilikuwa imeegemea madhabahu kati ya maboga na kondoo mmoja. Mkono wa gia uliniangalia. Mzima. Unang'aa.

Mnada ukaanza. Senge Edah alikunywa glukosi yake kulainisha koo, kisha akapanda kwenye benchi. Kuku wakaenda. Maboga yakaenda. Kondoo alinunuliwa na mwalimu mmoja, na papo hapo watu wakapiga kelele amemnunulia mgeni! Mwalimu akainua mikono, kondoo akakabidhiwa mhubiri mgeni, akina mama wakacheza. Mkungu wa ndizi nao ulinunuliwa mara tatu, kila anayeununua anaurudisha uuzwe tena. Nilitazama haya yote kwa macho yangu. Nilisema moyoni, watu wakarimu. Sikufikiri zaidi.

Ikaja baiskeli. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, ili bei isipande kwa hamu yangu. Nikainua kidole kimoja. Nyuma mtu akapandisha. Nikainua. Akapandisha. Niligeuka: Wekoye! Ananunua baiskeli yake mwenyewe! Ati ameanza kuikumbuka. Senge akapaza sauti kwamba kijana wa kaka yake, karani wa wakili mzima, hawezi kushindwa na mzee wa vyuma vikuukuu. Kidole changu kikapanda chenyewe. Akiba yangu ya suti yote ikapanda nacho. Wekoye akaketi.

Yangu!

Nilisimama. Kabla sijapiga hatua, kanisa lote: amemnunulia mchungaji! Amemnunulia mchungaji! Kwaya ikaingia. Vigelegele. Mchungaji akaanza kufuta machozi, mzee wa watu, anayetembelea waumini kwa miguu. Nikasogea kumwambia Senge kwamba kuna kosa dogo. Senge akaniwekea kipaza sauti mdomoni, akasema haya, sema neno mwanangu.

Watu wote waliniangalia. Nikasikia sauti yangu ikisema ndiyo, ni ya mchungaji, na kengele nitamwongezea.

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikaitoa. Waliimba upya.

Baada ya chakula nilimwendea Mchungaji, nikajikaza, nikamwomba aniazime baiskeli kwa wiki moja, kwa jambo la kazi. Alikubali kabla sijamaliza! Akasema mwenye moyo kama wangu hata aombe kanisa. Anaitaka Jumapili ijayo tu, kwa ziara za wagonjwa.

Nilitoka nayo Kamukuywa hadi Kitale. Ee! Gia zote saba! Ilipanda vilima kama imeitwa nyumbani. Nilipita malori. Nilicheka peke yangu njia nzima, na kengele nilipiga hata pasipokuwa na mtu.

Nilifika kwa Kipkosgei jua lingalipo. Nikamwambia haraka, toa mkono wa gia huu, ufunge kwenye baiskeli yangu. Akauliza, si uendeshe tu hii kesho? Inatembea.

Sikulijibu swali hilo. Halikuwa la kiufundi.

Jumatatu, 10 Novemba

Saa mbili kamili tulipewa nakala zetu. Kizito akaruka. Mimi nikafunga vifungo vya shati, nikakagua orodha, nikaruka pia.

Mwanzo ulikuwa mzuri! Gia ya pili, ya tatu, ya nne. Nilianza kutunga maneno ya kupokelea kazi. Karibu na Saboti, kwenye mteremko pekee wa njia nzima, mkono wa gia ulijipinda, ukaingia kwenye spoki, ukakatika vipande viwili. Cheni ikanifunga suruali. Nikavuta kwa mikono yote miwili. Grisi mpaka kwenye viwiko.

Nilisukuma baiskeli kwa miguu. Kizito alinipita akirudi, anapunga karatasi, anauliza kama nimechoka kuomba. Nilitaka kugeuza. Lakini kurudi kwa Madam na nakala tupu niliogopa zaidi. Nikaendelea.

Mzee Kipketer alikuwa anavuna mahindi na watu wake. Akasema keti kwanza, chai inakuja. Mimi siwezi kumkatalia mtu mzima. Nikaketi. Akauliza baba yangu ni nani, kwetu ni wapi, mvua ilikuwaje. Vikombe vitatu. Akasema kuna kijana mwingine alikuja mbio leo, akakataa kiti, akakataa chai, na yeye akamwambia karatasi ya mtu asiyekaa haiguswi. Kijana akaenda zake nyuma ya ghala akirekebisha karatasi yake.

Kisha akaniuliza wino uko wapi. Ati yeye hajui kuandika, huweka kidole gumba. Wino! Mimi, mtu wa nakala tatu, sikubeba wino! Nilikaribia kulia. Mzee akanishika mkono, akageuza kiganja cheusi cha grisi, akabonyeza gumba lake katikati, kisha akalibandika kwenye karatasi. Alama safi kabisa, mistari yote inaonekana.

Nilirudi juu ya tela la trekta, kati ya magunia, baiskeli imelala pembeni. Saa sita na nusu nikaingia. Kizito alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Madam alikuwa na nakala yake, yenye sahihi ya kupendeza, yenye mkia.

Akaichukua yangu. Akazihesabu alama za vidole: moja ya Mzee, sita zangu. Akamgeukia Kizito, akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba amemtumikia Mzee Kipketer miaka kumi na moja na hajamwona akishika kalamu. Sahihi hii kajifunza lini, leo asubuhi?

Kizito akasema ilikuwa haraka, Madam.

Kazi ni yangu! Yangu! Nikaomba msamaha. Madam akasema niende nikanawe. Akauliza hali ya shangazi. Nikasema sauti imerudi vizuri.

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi nilichapa barua ya shukrani ya Kizito. Niliongeza neno "dhati".

Kuna jambo dogo. Baiskeli ya Mchungaji imelala kwa Kipkosgei bila mkono wa gia. Yangu iko karibu nayo, vivyo hivyo. Jumapili imebaki siku nne, wagonjwa wanangoja, na Senge Edah ameniambia kwa simu kwamba Mchungaji amenitaja kwenye maombi mara nne.

Saa kumi Kizito alikuja kuchukua kikombe chake. Hakuwa na kinyongo. Akasema anarudi kwao na baiskeli haina kazi tena huko, kwa hiyo anaiuza, na mimi atanipa kwa bei ya huruma. Nzima. Gia ishirini na moja. Naweza kuipanda sasa hivi, akasema, au kumpelekea yeyote nitakaye.

Niliichunguza kwa makini, mbele na nyuma. Nikatoa rula.

Nikamwomba aniuzie mkono wa gia peke yake.

Alicheka mpaka akaketi, kisha akaufungua akanipa bure. Bure! Nilikimbia nao hadi Tuwan. Kipkosgei akaupima, akavua kofia, akasema huu ni wa aina mpya, hautaingia kwenye baiskeli yoyote kati ya hizi mbili mpaka tubadilishe gurudumu zima la nyuma.

Gurudumu la aina hiyo, anasema, lilikuwepo hapa jana.

Nimeandika orodha mpya. Nakala tatu. Kesho nitamwambia Madam kwamba mgongo wa Senge umerudi.