Darmi wa Minjila na Ukuta Uliotakata Mno

Sogeeni, enyi wa ng'ambo hii ya mto na enyi wa ng'ambo ile, mlioko zizini na mlioko dukani. Aliye na chai na akishike kikombe chake barabara, na aliye na neno na alimeze kwanza, kwani yanayosimuliwa leo si ya ngamia waliopotea wala ya fitina za uchaguzi. Ni habari za Darmi binti Jibril, Mshika Fagio, Mfukuza Vumbi, Malkia wa Vyumba Vitatu na Baraza, aliyeipigania nyumba yake siku kumi na tisa ili ipendeze machoni pa wanunuzi, akapigana na mbuzi, akapigana na upepo, akapigana na mume wake wa ndoa, na mwisho akapigana na mkono wake mwenyewe. Wako waliopigiwa ngoma kwa machache kuliko hayo.

Jueni kwanza kilichompeleka vitani. Mwanawe wa pekee, Fardosa, mwalimu kule Hola, alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wake ulikuwa umekaribia. Darmi alikuwa ameapa mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao muuza mkaa, kwamba mjukuu huyo atakulia mgongoni pake. Ikatokea kwamba mzee Idris, jirani yake Fardosa ukuta kwa ukuta, anahama na nyumba yake inauzwa. Akakubali kumngoja Darmi hadi mwisho wa mwezi, na baada ya hapo hangoji. Nyumba ya Minjila ikikosa mnunuzi kabla ya siku hiyo, ile ya Hola itakwenda kwa mwingine, na Darmi atakuwa bibi wa mkoba, anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumapili, na mtoto atamlilia kama mgeni. Wazo hilo lilimkosesha usingizi na likamharibia ladha ya kila alichokula.

Basi akamwita Kaingu, dalali wa Minjila, mwenye pikipiki nyekundu na ulimi mwepesi kuliko pikipiki. Kaingu alikuwa ametazama kwenye simu jinsi nyumba zinavyouzwa Nairobi, na elimu hiyo ilimlemea mpaka akatamani kuitua kwa mtu.

"Mama Fardosa," akasema, "nyumba ya kuuza isionekane kama inakaa mtu. Mnunuzi akiingia asikuone wewe, asimwone mzee, asione hata alama ya mzee. Ajione mwenyewe tu."

Darmi aliyapokea maneno hayo kama amri ya vita. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekunja mikeka, ameteremsha kalenda, na ameipeleka bakora ya mumewe uhamishoni nyuma ya choo. Vibuyu vya maziwa, vilivyofukizwa moshi mpaka harufu yake ikaingia kwenye mapazia, vikahamia banda la kuku, nao kuku wakahamia walikojua wenyewe. Kisha akatwaa ndoo ya chokaa na brashi pana, akaipaka nyumba ndani na nje, mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu, kutoka kenchi hadi sakafu. Kila doa lililokuwa na historia likazikwa, likiwemo lile la rangi ya kahawia lililozunguka sebule karibu na sakafu, ambalo mto uliliacha miaka sita nyuma ulipofurika na kuingia majumbani. Alilizika hilo kwa furaha ya pekee, maana lilikuwa limemkera miaka yote sita.

Na Galma je? Huyu ndiye mumewe, Galma wa Kimya Kirefu, aliyefanya biashara ya ng'ombe miaka thelathini kati ya malisho ya delta na mnada wa Garsen, mtu aliyetazamana na mafahali na hakupepesa. Sasa alipewa kigoda chini ya mti wa mathenge, akaambiwa asikanyage sebuleni ila kwa dharura, na hata hiyo dharura asiegemeze mgongo ukutani. Akanywa chai yake nje, juani na kivulini, kwa zamu kadiri jua lilivyotaka. Hakulalamika, kwani alimjua mkewe.

Siku ya nne adui wa kwanza alivamia. Alikuwa beberu wa jirani yao mzee Dzombo, mnyama mwenye ndevu za hakimu na tabia za mwizi, aliyeingia kwa mlango wa nyuma na matope meusi ya bondeni kwenye kwato zote nne. Darmi alimkabili kwenye korido, fagio la chelewa mkononi, leso imefungwa kiunoni, na walitazamana kitambo. Beberu akashambulia kuelekea pazia. Darmi akamkata njia. Beberu akarudi kinyumenyume mpaka jikoni, akaangusha sufuria, akatoka kwa aibu, na matope aliyoyaacha yalisuguliwa hata saruji ikaanza kung'aa. Upepo nao ukaja kila alasiri kutoka upande wa malisho ukiwa umebeba vumbi la ng'ombe elfu, na kila alasiri ulimkuta Darmi ana kitambaa.

Wanunuzi wakaanza kuja. Akaja mhudumu wa zahanati, wakaja walimu wawili mke na mume, akaja kijana mwenye pikipiki tatu za abiria. Wote walisifu, wote walikunywa chai, maana mgeni kwa Darmi haondoki na koo kavu hata kama Nairobi inakataza. Lakini kila mmoja, kabla ya kuaga, alichuchumaa karibu na mlango kana kwamba anafunga kiatu, akautazama ukuta kule chini, akainuka, akakohoa, akasema atapiga simu. Hakuna aliyepiga.

Darmi akaona jambo moja tu: wameona uchafu. Akaongeza mkono wa nne wa chokaa.

Jioni ya siku ya kumi na saba Galma alisimama mlangoni, vidole vya miguu vikiwa nje ya mpaka, akavunja kimya chake. Alisema hao watu hawatafuti uchafu, wanatafuta maji. Darmi akainuka kutoka sakafuni, akajinyoosha, akamhutubia.

"Baba Fardosa, miaka thelathini umeuza ng'ombe, na hukumpeleka hata mmoja mnadani bila kumwosha. Sikukuuliza kwa nini. Leo mimi naosha ng'ombe wangu mmoja tu, mwenye milango miwili, nawe unaniletea mafumbo. Nipishe nipige deki."

"Niliwaosha," akajibu Galma, "lakini kovu sikulipaka rangi. Mnunuzi wetu asipoona kovu anadhani ugonjwa uko ndani."

Kisha akarudi kwenye kigoda chake, kwani alikuwa amekwisha sema maneno ya wiki nzima. Na Darmi hakusikia, sikio lake lilikuwa limejaa sauti ya brashi.

Ikafika siku ya kumi na tisa, na mwezi umebakiza siku mbili. Asubuhi Kaingu akapiga simu kwamba yuko njiani na mnunuzi wa mwisho anayemjua, nao wako dakika kumi tu kutoka hapo. Mnunuzi huyo alikuwa Bi Batula, muuza maziwa ya ngamia wa Garsen, mjane mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Ndiye aliyelala juu ya paa siku mbili wakati wa mafuriko yale, na tangu hapo anakaa nyumba ya kupanga, hataki kununua mpaka aridhike. Darmi alilisikia jina hilo. Akafunga leso upya.

Dakika ya kwanza hadi ya sita alifagia, akafuta, akapiga deki. Dakika ya saba beberu wa Dzombo, ambaye alikuwa ameyatafakari yaliyompata na kuona hakutendewa haki, akarudi kwa mlango wa mbele. Darmi hakuwa na mkono wa tatu. Ndipo Galma wa Kimya Kirefu alipoinuka kutoka uhamishoni, akaingia bila ruhusa, akamnyanyua yule beberu kifuani kama anavyobebwa ndama mgonjwa, na kutoka naye. Alama za kwato Darmi alizifuta kwa leso yake mwenyewe, ile nzuri, huku pikipiki nyekundu ikizima nje.

Bi Batula alivua viatu mlangoni, akatoa salamu, akaingia. Hakutazama juu. Hakutazama madirisha wala milango. Kaingu akaanza kumweleza mambo ya Nairobi, naye akamwacha akiyaeleza, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya sebule, akachuchumaa, akaukwaruza ukuta kwa ukucha. Ukucha ukawa mweupe.

"Mama Fardosa," akasema bila kugeuka, "chokaa yako nimeisifu, na mkono wako nimeusifu. Lakini mimi natafuta nyumba. Huku kwetu kila ukuta una mstari wa maji, hata ofisi zinao, hata msikiti unao. Wako tu ndio hauna. Sasa niambie ukweli, yalifika wapi? Dirishani, au kwenye paa?"

Hata Kaingu akaiacha Nairobi yake njiani, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Yalifika shibiri moja," akasema Darmi. "Nyumba iko juu kidogo. Shibiri moja tu."

"Kila anayeuza huniambia shibiri moja," akasema Bi Batula, na akaanza kuinuka.

Hapo ndipo shujaa wetu aliposimama kwenye njia panda ya maisha yake. Mbele yake kulikuwa na ukuta, mweupe kama maziwa ya asubuhi, kazi ya siku kumi na tisa na mikono minne ya chokaa. Nyuma yake kulikuwa na Hola na mgongo wake usio na mtoto. Mlangoni alisimama mumewe, beberu bado kifuani, ndevu za mnyama zikimchezea shingoni.

"Mama Fardosa," akasema Galma, "mficha uchi hazai."

Darmi akatwaa kitambaa kilekile alichofutia vumbi la delta nzima, akakichovya ndooni, akapiga magoti, na, enyi mliokaa, shuhudieni, mwanamke yule ambaye hakumwachia nzi atue ukutani alianza kuuchafua ukuta kwa mikono yake miwili. Akasugua. Chokaa ikatiririka, ikachora mito juu ya sakafu iliyong'aa, ikamwingia chini ya kucha na kwenye pindo la gauni. Akasugua, mkono wa nne ukatoka, wa tatu ukatoka, wa pili, wa kwanza. Na chini yao ukajitokeza mstari wa kahawia, umenyooka, umekaa palepale mto ulipouweka.

Na si mstari peke yake. Chini ya ule mstari palikuwa na mikwaruzo midogo ya msumari kwenye plasta, mmoja juu ya mwingine kama ngazi, na juu ya yote maneno yaliyochorwa na mkono wa mwanafunzi: Yamesimama hapa. Alhamdulillahi. Fardosa. Darmi alikuwa amesahau. Msichana yule alikaa juu ya meza siku ile nzima, msumari mkononi, akiinama kupima maji kila saa na kuwaambia wazazi wake wasiogope. Na mama yake mzazi ndiye aliyekuja kumpaka chokaa mara nne, tena kwa furaha. Darmi akakaa pale sakafuni kwenye maji machafu, akalia waziwazi, wala hakuona haya.

Bi Batula akarudi kuchuchumaa. Akaweka kidole gumba sakafuni, akanyoosha kiganja, na kidole kidogo kikagusa mstari. Shibiri moja. Hakuamini pembe moja. Akakitwaa kitambaa, akaenda pembe ya pili akasugua mwenyewe, akaenda ya tatu. Shibiri moja kila mahali.

"Kwangu yalifika hapa," akasema, akajigusa kooni. Akaketi chini, akaegemeza mgongo ukutani, mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa siku kumi na tisa, akafumba macho kidogo. Kisha akasema nyumba anaichukua, wazee wa pande zote mbili waitwe leo hii, na sharti lake ni moja. "Usipake tena. Ukipaka tena, siichukui."

Hivyo ndivyo Darmi alivyoishinda vita ya Minjila, ambayo majeshi ya sabuni na brashi hayakuweza kuishinda, akaishinda kwa doa. Na iandikwe pia kwamba Darmi na mumewe walifika Hola siku ya mwisho wa mwezi, kabla ya jua kutua, na kwamba mjukuu, binti, alizaliwa siku tisa baadaye na akalala kwenye mgongo ule ule ulioapiwa. Wanaomsengenya Darmi husema kwamba alipoingia nyumba ya mzee Idris, kabla ya kuuliza hali ya mwanawe, alichuchumaa karibu na mlango kana kwamba anafunga kiatu. Husema kweli.

Lakini hayo ni ya Hola. Siku ile Minjila, chai ilipokuwa ikichemka na Kaingu akiita wazee kwa simu kwa sauti ya mshindi, Galma alimrudisha beberu kwa Dzombo, akaichukua bakora yake nyuma ya choo, akaingiza kigoda sebuleni, akakaa, akaegemea. Chokaa ilimshika shati lote. Mfukuza Vumbi alimwona vizuri, akamimina chai ya maziwa, akampa yeye kwanza kabla ya mgeni. Watu wengine wa mto huu huhesabu miaka kwa ukame na kwa mafuriko. Galma huhesabu tangu siku aliyoruhusiwa kuegemea ukuta.