Leo Mama Mkwe Amenisemesha

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Naandika haya nikiwa nimejifungia chooni nyumbani kwa wakwe zangu, Ilala. Huko nje watu wanakula pilau na kunicheka. Nawasikia. Someni haraka, kuna mtu ameshaanza kugonga mlango.

Kwanza mjue hali yangu na mama mkwe. Ni mtu wa Lindi, wa heshima za zamani, na kwake yeye mkwe wa kiume hasemeshwi ovyo. Tangu nimuoe binti yake Rehema, mimi nasema "Shikamoo mama", yeye anasema "Marahaba", yanaishia hapo. La ziada lazima lipitie kwa Rehema, hata kama sote tumo sebule moja. "Rehema, mwambie mumeo chai inapoa." Na mimi: "Rehema, mwambie mama ahsante." Chai yenyewe iko mbele yangu! Tumezoea. Ila miaka yote hii nimekuwa natamani siku moja aone kwamba binti yake hakukosea kuchagua.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mdogo wake Rehema, Zuhura, anaolewa. Nikaomba kazi ya kumpeleka bibi harusi saluni Kariakoo na kumrudisha Ilala kabla ya alasiri. Baada ya swala bwana harusi angekuja na watu wake, ndoa ifungwe, kisha aingie ndani kumpa mkewe mkono. Na mkono hautolewi kwa simu. Baba mkwe alitaka kukodi teksi. Nikamwambia, "Teksi ya nini na mimi nipo?" (Sentensi hii huko nje wameshaifanya wimbo.)

Kasoro ilikuwa moja tu. Gari langu lilikuwa limeanza tabia ya kuzimika lenyewe. Fundi wangu akasema ni sensa ya krenki (si ile ya kuhesabu watu), kidude kinachoiambia injini lini itoe cheche. Kikifa kabisa, unapiga stata inalia, injini haishiki. Fundi akataka nimwachie gari. Mimi nikatazama video kwenye simu. Boliti moja, soketi moja. Hata mtoto anaweza! (Hili nalo nililisema kwa sauti.)

Asubuhi tukatoka. Rehema mbele na mimi, mama mkwe na Zuhura nyuma. Njiani nikaanza kumsimulia Rehema habari za swichi yangu ya siri, niliyoifunga mwenyewe chini ya usukani kwa ajili ya wezi. Ukishuka unaibonyeza, pampu ya mafuta inakatika. Mwizi atapiga stata mpaka betri ife, gari haliendi popote. Rehema ameshaisikia hadithi hii mpaka imemchosha, lakini sikuwa naongea na Rehema. Sauti niliipima ifike siti ya nyuma. Kwenye kioo nikamwona mama mkwe amejisogeza mbele, anafuatilia kidole changu kinavyobonyeza na kuachia. Kichwa kikanivimba.

Nikawashusha saluni, nikaenda kupaki mtaa wa pili mbele ya duka la spea la Kishor. Kishor kazaliwa hapohapo Kariakoo, na duka kaachiwa na baba yake. Mapambo ya bibi harusi si mchezo, nusu siku nzima. Nikala chipsi, nikalala kidogo ndani ya gari, nikaamka na wazo: kwa nini nisibadilishe sensa sasa hivi, nimrudishe mama mkwe na gari kama jipya?

Nikashuka, nikabonyeza swichi yangu kwa mazoea (Kariakoo gari haliachwi hivihivi), nikaingia dukani nikanunua sensa. Nikavua shati la harusi. Nikafungua boneti. Boliti moja, soketi moja, kweli! Nikajipiga picha na sensa kuukuu mkononi, nikaituma kwenye kundi la familia: "Fundi ni mimi mwenyewe."

Nikapiga stata. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Nikapiga tena. Inalia, haishiki. Tena. Haishiki.

"Kishor! Umeniuzia feki!"

Sasa, pale Kariakoo ukitaka watu wajae, tamka neno feki mbele ya duka la mtu. Walijaa. Kishor akatoka na kikombe chake cha chai, hana haraka.

"Kaka, feki sijawahi kuuza. Umefunga vizuri?"

"Mimi? Nimefunga vizuri kabisa!"

Akaniletea nyingine. Nikafunga. Haishiki. Watu wakaanza kutoa dawa.

"Betri hiyo."

"Betri gani, na stata inazunguka?"

"Bosi, mafuta yapo?" akauliza mpagazi mmoja.

Nikamtazama kwa dharau. Mafuta! Mtu anaongelea sensa, yeye analeta mafuta. (Kumbe katika kadamnasi ile yote, yeye ndiye alikuwa jirani na ukweli.)

Hapo ndipo walipotokea. Zuhura katika gauni lake, hina mpaka kwenye viwiko, Rehema amemshikia pindo, mama mkwe nyuma yao. Na mimi nimebaki na singlendi, nina grisi mpaka sikioni.

"Shemeji, vipi?"

"Ingieni, dakika mbili tu."

Wakaingia. Simu ya Rehema ikaita. Sauti ya baba mkwe niliisikia mpaka kwenye boneti nilikoinama. "Wameshafika! Sheikh yupo, bwana harusi yupo! Nyie mko wapi?"

"Tuko njiani, baba."

Na ni kweli tulikuwa njiani. Tulikuwa hatusogei tu.

Rehema akachungulia dirishani. "Tuchukue bajaji." Nikamwambia hapana, bibi harusi wa nyumba ile hapandi bajaji mimi nikiwepo. Zuhura akalalamika kwamba wanja umeanza kutembea. Na mama mkwe nilimwona anamvuta Rehema mkono: "Rehema, mwambie mumeo..." Rehema: "Subiri mama, naongea na baba." Baada ya muda tena: "Mwambie mumeo..." "Mama, subiri!" Mimi nilijua tu anataka kusema nikodi teksi, kwa hiyo nikazidi kuinamia injini, nisije nikaletewa ujumbe.

"Tusukume!" akasema mtu. Loh, kwa shangwe! Wapagazi wakaacha mizigo, Kishor akaweka kikombe chini, gari likaondoka na bibi harusi ndani, vigelegele vikapigwa na wanawake nisiowajua. Tukasukuma mtaa mzima mpaka karibu na Msimbazi. Pale yule mpagazi wa mafuta akasimama, akajifuta jasho.

"Bosi, gari hili si otomatiki?"

"Ndiyo."

"Otomatiki inawashwa kwa kusukumwa?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisahau kwa fedheha. Nikaegemea mlango, machozi yananilenga, nawaza bwana harusi alivyokaa mkekani na mkono wake.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama mkwe akashuka, akajitanda khanga vizuri, akaja mbele yangu.

"Baba."

Nikageuka kutazama anayeitwa.

"Wewe, baba. Ile swichi ya wezi uliyotuonyesha asubuhi, umeiachia?"

Nikaingiza mkono chini ya usukani. Nikabonyeza. Nikapiga stata kidogo tu, injini ikawaka.

"Mwizi kapatikana!" akapiga kelele yule mpagazi, na Kariakoo yote ikaangua kicheko. Nikamwomba Kishor radhi mbele ya watu. Akaipokea, akaokota ile sensa ya kwanza aliyoniuzia, niliyoiacha kwenye dashibodi.

"Sasa hii unarudisha, au unaipeleka harusini?"

Tumefika tumechelewa, lakini tumefika. Ndoa imefungwa, mkono umetolewa, Zuhura anacheka na wanja wake mashavuni. Na kwenye kundi la familia, chini ya picha yangu, kuna watu wameweka vikaragosi vya kicheko mpaka simu inakwama.

Ngojeni, anagonga tena.

Ni yeye, mama mkwe. Peke yake, Rehema hayupo.

"Baba, toka ule, pilau inapoa. Na keshokutwa utanipeleka stendi, naenda Lindi. Nitakaa mbele, nibonyeze mwenyewe."

Nimemjibu mwenyewe, bila mkalimani: "Ndiyo, mama." Miaka yote hii, kumbe nilitakiwa niharibikiwe tu.

Haya, natoka kula. Tafadhali msicheke. Atakayecheka nitakuja kwake kumtengenezea gari.