Saa za Ndege ya Kiende

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Barua ya Kiende imefika. Binti wa marehemu kaka yangu, miaka saba London akisomea uuguzi, anakuja likizo! Ndege itaruka huko Ijumaa saa tatu usiku. Nimechaguliwa mwenyekiti wa mapokezi. Haki yangu. Picha aliyopigwa uwanja wa ndege siku ya kuondoka iko ukutani kwa mama. Kijiji chote kimo, mimi nimetokea kiwiko tu. Safari hii nitasimama katikati nikimvika shada la maua.

Jumanne, 5 Agosti
Kamati. Mwalimu Njue, yule wa kutoka Embu anayejua kila kitu, akasema London hadi Nairobi ni kilomita elfu sita na mia nane, saa nane na nusu angani, na saa zetu ziko mbele kwa mbili. Kwa hiyo atatua Jumamosi saa moja na nusu asubuhi.

Nikacheka. Miaka kumi na miwili napeleka viazi Nairobi kwa lori kutoka hapa Kibirichia. Dereva gani anapita Embu bila kunywa chai? Nikapima ramani ya shule kwa uzi wa katani. Roma, Kairo, Khartoum. Chai na kujisaidia, saa mbili kila mahali. Hizo saa za mbele nikazitupa. Saa yangu ya mkono haijawahi kubadilika njiani. Jibu: saa tano na nusu asubuhi. Makofi! Njue akakunja ramani yake taratibu. Sikupenda alivyoikunja.

Ijumaa, 8 Agosti
Usaliti! Njue amemchukua mama kwa pikapu yake, wakalale kwa dada yake Njue huko Nairobi. Nilimwambia mama atachoka bure. Akaniambia, “Salesio, wewe ngojea chai ya Khartoum. Mimi nataka mjukuu wangu.” Mama yangu mzazi!

Jumapili, 10 Agosti
Jana sikuandika. Aibu. Tuliondoka alfajiri, kwaya ya akina mama nyuma ya lori, mke wangu Peninah akiongoza. Tukafika saa tano kamili. Nikatangaza kwamba tumewahi. Kwaya ikaimba. Nikamvika shada msichana wa kwanza aliyefanana na Kiende. Akalivua, akaniuliza nauza bei gani.

Peninah akamwuliza mchukuzi wa mizigo. Ndege ilitua saa moja na nusu. Haikunywa chai popote. Kiende alikuwa ametungoja mpaka saa nne, mama akashikwa na njaa, wakaenda.

Tukarudi hadi Embu. Hapo Peninah akasema alitaka tu kumwona mtoto akitokea mlangoni. Iliniuma, naandika ukweli.

Nyumbani Kiende alilivaa shada lililonyauka, akatukumbatia wote. Nikaitisha picha haraka. Filamu imekwishia uwanja wa ndege! Mama anasema katikati ya kila picha ni Njue. Safari hii hata kiwiko changu hakimo.

Jumamosi, 30 Agosti
Kiende anarudi London kesho. Njue ameshatangaza: ataruka saa tano usiku, atatua Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sikubishana. Nimekomaa. Chai nimeiondoa kabisa kwenye hesabu.

Lakini kuna jambo mwalimu mzima hajaliona, na ramani ni yake! London iko juu, Nairobi iko chini. Wakati wa kuja walikuwa wanateremka, ndiyo maana waliwahi. Kurudi ni kupanda, tena na mzigo wa maharagwe meusi ya njahi na unga wa uji. Lori langu mlimani huchukua muda mara mbili. Kimya kimya nimemtumia mwenye nyumba wa Kiende huko London telegramu: asijisumbue kwenda kumpokea kabla ya Jumatatu jioni.