Kidole Gumba cha Mke Wangu

Jumatatu, 8 Juni

...na narudia, ule mkono ulikuwa umelegea tangu zamani. Mimi niligeuza sanamu la mazoezi kwa ubavu wa kushoto, kama kitabu kinavyosema. Mkono ukabaki kulia. Sista, mwalimu wetu, mstaafu wa miaka thelathini wodini, akauokota, akaupangusa, akaniuliza kama nyumbani nina mgonjwa wa kweli. Nikasema sina. Akasema nimshukuru Mungu.

Matokeo yake: mtihani wa vitendo ni Jumatatu ijayo na chuo hakina mtu wa kulaza kitandani. Kila mwanafunzi aje na ndugu yake. Wenzangu wananung'unika. Mimi nilibana kicheko. Ndugu ninaye, tena nimemuoa wiki tano zilizopita. Mke wangu. Nitaandika tena, kwa raha zangu tu: mke wangu.

Alirudi kazini na futi ya kupimia bado shingoni (ni fundi cherehani, shingo hiyo!) akakubali kabla sijamaliza kuomba. Kisha akanikumbusha lile jambo. Siku niliyokwenda kwao kujitambulisha, baba yake aliniuliza nafanya kazi gani. Nikajibu muuguzi msaidizi. Ilikuwa siku yangu ya pili ya mafunzo. Mzee ameshawatangazia majirani wote. Sasa mke wangu amenipa muda: nikipata cheti, uongo umekuwa kweli na yamekwisha. Nikianguka, baba ataambiwa. Alisema hivyo huku akinibusu kwenye paji la uso. Nani mwingine amepata mke wa namna hii?

Jumatano, 10 Juni

Mazoezi nyumbani. Nawa mikono, shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo ya moyo, mgeuze mgonjwa, badili shuka akiwa juu ya kitanda. Hatua kumi na mbili kwa jumla. Kunawa ndiyo ya kwanza na ndiyo ninayosahau kila mara. Nikimwona amelala pale naenda moja kwa moja kwenye kifundo. Leo nilifika mapigo arobaini na moja, akatabasamu, hesabu ikapotea. Nikaandika mapigo ya kwangu.

Darasani kuna mmoja tunamwita Dada Orodha. Amenakili hatua zote kwenye karatasi na anazitamka koridoni kama anasali. Leo akanisogelea. "Kaka, ni kumi na mbili tu. Kariri, utalala usingizi." Wivu huo. Hana mume.

Mimi nina mpango. Nikisahau kunawa, mke wangu atatikisa kidole gumba cha mguu. Mtahini atakuwa anatazama mikono yangu. Nani anatazama mguu wa mgonjwa? Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu, akauliza kwa nini nisikariri tu. Nikamwambia mapenzi ni ushirikiano.

Ijumaa, 12 Juni

Kidole kinafanya kazi vizuri mno. Kuna tatizo dogo: mgonjwa analala. Maskini anainamia cherehani tangu asubuhi. Namfuta mikono kwa maji ya uvuguvugu, namgeuza taratibu, na nikifika kona ya pili ya shuka ameshaondoka. Ningemwamsha. Nilikusudia kumwamsha. Nikavuta kiti nikakaa kumtazama.

Leo alilala aliposikia tu bomba linafunguliwa. Nimeichukua kama sifa.

Jumatatu, 15 Juni

Mtahini ni mzee mwenye miwani mbili, moja puani, moja kichwani. Dakika ishirini kila mtu. Nikanawa bila kukumbushwa na yeyote. Nyuma yangu mke wangu, kwa kusikia bomba, akalala. Sikujua.

Nashika kifundo. Kidole gumba kikatikisika. Nimesahau? Nikarudi kunawa. Nashika tena. Kidole tena. Labda sabuni haikutosha. Nikarudi. Mara ya nne nikaanza kujivuna moyoni: mwanamke makini kiasi gani huyu. Mara ya saba sabuni ikaisha, nikaomba ya Dada Orodha. Akanipa, na kwa vidole akanionyesha saba.

Kengele ikalia. Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Macho ya mke wangu yamefumbwa. Feni inapepea ncha ya shuka, ncha inamtekenya kidole, kidole kinacheza peke yake.

Mtahini akasema hajawahi kuona mikono misafi hivyo nje ya chumba cha upasuaji. Ila mgonjwa bado yuko juu ya shuka aliyoikuta. Akainama, akaniuliza kama huyu amelala au amezimia. Mke wangu akakoroma kidogo. Kakoromo kazuri. Kwenye kipengele cha kumstarehesha mgonjwa nimepata alama zote. Kwingine hakuna kitu. Kurudia ni Alhamisi, 2 Julai.

Dada Orodha amefaulu. Wakati wa kutoka alinitia ile karatasi yake mfukoni. "Kaka, mimi sina haja nayo tena."

Njia nzima mke wangu aliomba radhi. Nikamwambia katika wagonjwa wote waliolala leo, yeye alilala vizuri kuliko wote.

Jumanne, 16 Juni

Mke wangu hakumpigia baba yake. Aliweka simu mbele yangu. "Mwambie wewe. Siku hizi ni baba yako pia." Kisha akaenda kwenye cherehani yake. Niliguswa karibu nilie.

Nilikuwa nimeazimia, kweli kabisa. Baba, nina jambo la kukuambia. Lakini mzee alipokea kwa mlio wa kwanza akaanza yeye. "Mwanangu, wewe mtu wa hospitali, hebu nieleze habari ya goti hili." Juzi alikwenda zahanati. Muuguzi alimshika mkono vibaya, akamwambia. Akaweka mto vibaya, akamwambia. Daktari hajui hata kushika kalamu, naye akaambiwa. Wakataka apumzike kidogo kitandani. Yeye! Tangu astaafu hajawahi kufumba macho mchana.

Nikakaa chini. Mgonjwa asiyelala. Mgonjwa anayesema.

Nikatoa karatasi ya Dada Orodha, nikaandika nyuma yake: 2 Julai, baba. Tutamwambia ni ukaguzi wa kila mwaka kwa sisi wazoefu. Kidole nitamfundisha mwenyewe, na hatafunikwa miguu.

Mke wangu akauliza kutoka chumbani kama nimeshamwambia. Nikamjibu tunaelewana vizuri sana. Kisha nikamwambia baba tunakuja kumtembelea kabla mwezi haujaisha, asijisumbue kuandaa chochote, atafute tu pajama safi na akate kucha za miguu.